Daraja Hujengwa Mara Moja, Hutunzwa Siku Zote

Mkulima aliyevuna magunia kumi ya mpunga ng'ambo ya mto usiovukika hana magunia kumi. Anayo yale tu awezayo kuyavusha kwa mtumbwi au kichwani kabla mvua hazijaanza. Yaliyobaki ni ya panya, au ni ya mlanguzi anayekuja na bei yake mfukoni. Mama mjamzito aliye umbali wa maili ishirini kutoka hospitali, na barabara imekatika, hayuko maili ishirini. Yuko mbali kuliko mtu wa Dar es Salaam alivyo mbali na Nairobi. Ndiyo maana twasema kwamba habari za barabara na madaraja ya mashamba si habari za wahandisi peke yao. Ni habari za siasa, tena siasa ile iliyo karibu kabisa na sufuria ya mwananchi.

Kwa muda wa zaidi ya miaka sitini sasa, China imekuwa na mkono katika kazi hiyo barani Afrika. Wako watu ambao kila wakisikia jina la China hupiga makofi kabla ya kusikia habari yenyewe. Wako na wengine ambao kila wakisikia jina hilo hupiga kelele ya mtego na utumwa mpya, na aghalabu kelele hiyo hutoka katika vinywa vya wale waliotutawala bila kutuachia daraja moja la maana katika wilaya nzima. Sisi hatukubali kuwa wapiga makofi, wala hatukubali kuazima kelele za watu wengine. Yatupasa kuitazama kazi yenyewe: imejengwa nini, kwa fedha ya nani, kwa masharti gani, na kwa faida ya nani.

AHADI YA ACCRA

Tuanzie mahali inapofaa kuanzia. Kati ya Desemba 1963 na Februari 1964, Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, alizuru nchi kumi za Afrika. Alipokuwa Accra, Ghana, katika Januari 1964, alitangaza kanuni nane ambazo serikali yake ingezifuata katika kusaidia nchi nyingine. Kiini chake kilikuwa hiki: kwamba msaada usihesabiwe kuwa sadaka ya tajiri kwa maskini, bali jambo la watu walio sawa, kwamba usiambatane na masharti wala upendeleo, kwamba mikopo iwe bila riba au kwa riba ndogo, na muda wa kulipa uongezwe inapobidi, kwamba shabaha iwe kumwezesha anayesaidiwa ajitegemee, si amtegemee msaidizi daima, kwamba ufundi ufundishwe mpaka wenyeji waushike barabara, na kwamba wataalamu wanaoletwa waishi sawa na wataalamu wa nchi waliyoijia, bila kudai starehe za pekee.

Msomaji asidhani kwamba twazitaja kanuni hizi kwa kujipamba. Twazitaja kwa sababu ahadi iliyotamkwa hadharani ni kipimo, na kipimo hicho ni mali yetu kama ilivyo mali ya aliyekitoa. Anayekuja leo na greda na mkataba hatuna haja ya kumpima kwa kipimo tulichokizua sisi wala kilichozuliwa na mahasimu wake. Twaweza kumpima kwa neno lake mwenyewe.

Wala ahadi hizo hazikubaki maneno. Katika miaka ya 1970 Wachina walijenga barabara nyingi mahali ambapo wenye mabenki hawakuona faida. Huko Somalia walijenga barabara ya Belet Weyne hadi Burao, yapata kilomita 970, iliyomalizika mwaka 1978. Barabara hiyo iliunganisha kusini iliyokuwa chini ya Wataliana na kaskazini iliyokuwa chini ya Waingereza. Yaani nchi iliyounganishwa kwa bendera mwaka 1960 ikapata njia ya kuungana kwa miguu na magurudumu. Huko Ethiopia walipasua milima kati ya Woldia na Woreta. Huko Sudan walijenga barabara ya Wad Medani hadi Gedaref, na daraja la Hantoub juu ya Nile ya Bluu. Huko Rwanda, nchi isiyo na bahari, walijenga barabara ya Kigali hadi Rusumo, mpakani mwa Tanzania. Na kila gunia la kahawa la Rwanda lililopita hapo kuelekea bandari ya Dar es Salaam lilikuwa shahidi wa faida yake.

KAZI YA MLIMBA NA MAKAMBAKO

Lakini kazi kubwa kuliko zote, iliyo na mafunzo mengi kwetu, ni Reli ya Uhuru, TAZARA. Tunajua kwamba reli si barabara ya gari. Hata hivyo, mtu asemaye habari za madaraja ya mashambani katika Afrika akaiacha TAZARA atakuwa kama mtu asemaye habari za samaki akaiacha bahari.

Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia utawala wao tarehe 11 Novemba 1965, shaba ya Zambia ilikuwa ikipita katika mikono yao. Wazee wetu, Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda, walihitaji njia ya kwenda baharini isiyopita kwa adui. Wakabisha hodi Magharibi. Benki ya Dunia ilikuwa imekwisha kusema kwamba reli hiyo haitakuwa na faida. Ni kweli, na haki yataka tuiseme, kwamba barabara kuu ya kwenda Zambia iliwekwa lami katika miaka hiyo hiyo kwa fedha ambazo sehemu yake kubwa ilitoka Marekani na Benki ya Dunia. Lakini reli hawakuitaka. China, nchi ambayo wakati ule yenyewe ilikuwa maskini, ilikubali. Mapatano yalitiwa sahihi Beijing tarehe 5 Septemba 1967. Mkopo ulikuwa yuan milioni 988, bila riba, wa kulipwa kwa miaka thelathini. Ujenzi ulianza Oktoba 1970, na tarehe 14 Julai 1976 reli yenye urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi kwa wenyewe.

Hebu tutazame namna kazi ilivyofanywa, maana ndipo lilipo somo. Reli hiyo ina madaraja 320 na matandaki 22. Sehemu ngumu kuliko zote ni ile ya Mlimba hadi Makambako, ambako njia hupanda kutoka bonde la Kilombero hadi nyanda za juu katika umbali wa kilomita 157 tu. Hapo ardhi ni tope juu na mwamba chini, mabonde yana kina, na mvua hainyeshi kwa adabu. Nguzo za daraja la mto Mpanga zimesimama kwa urefu wa mita zipatazo 50. Wakati kazi ilipopamba moto, Wachina wapatao 16,000 na Waafrika zaidi ya 30,000 walikuwa kazini pamoja. Hawakuwa na lugha moja. Fundi alionyesha kwa mkono, kijana wa kijijini akatazama, kisha akajaribu, kisha akafanya. Vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli, ili treni itakapoanza kwenda isiendeshwe na mgeni siku zote.

Gharama haikuwa ya fedha tu. Wachina zaidi ya sitini walikufa katika kazi hiyo, na makaburi yao yako Gongo la Mboto, nje kidogo ya mji wa Dar es Salaam. Waafrika nao walikufa, ijapokuwa majina yao hayakuandikwa juu ya mawe yaliyopangwa mistari. Kwa hiyo tunapowakumbuka wale, hatuna ruhusa ya kuwasahau hawa. Na daraja lililogharimu damu liliandamwa na damu tena: mnamo Oktoba 1979 askari wa Rhodesia walililipua daraja la reli la mto Chambeshi, katika Zambia ya kaskazini, kwa kuwa walijua kwamba nchi iliyokatwa njia imekatwa mkono. Adui, naam, huijua thamani ya daraja pengine kuliko mwenyewe.

Na mkulima alipata nini? Reli ilikusudiwa shaba, lakini haikupita jangwani. Ilipita Ifakara, Mngeta, Mlimba na Makambako. Watu wakahamia karibu na stesheni. Mpunga, ndizi na mahindi vikapanda treni ya abiria pamoja na mwenye mali, na yule aliyekuwa akimngoja mlanguzi nyumbani akaanza kumfuata mnunuzi mjini. Mwenye benki hakuwa ameyahesabu hayo, kwa sababu katika hesabu zake hamna safu ya mama muuza ndizi.

MSAADA, MKOPO NA ZABUNI

Sasa twafika penye jambo ambalo wananchi wengi hulichanganya, na ambalo wakubwa wengine hawaoni haraka ya kulifafanua. Mwananchi akiona Mchina amevaa kofia ya kazi kandokando ya barabara, husema, “China inatusaidia.” Huenda ni kweli, huenda si kweli.

Mambo yalibadilika huko China kwenyewe baada ya mwaka 1978. Mwaka 1979 ile ofisi ya Wizara ya Reli iliyoshughulika na misaada ya nje, ambayo ndiyo iliyoijenga TAZARA, iligeuzwa kuwa kampuni, inayojulikana leo kwa herufi CCECC. Mwaka huo huo ofisi ya namna hiyo ya Wizara ya Mawasiliano, iliyoshughulika na barabara, ikageuzwa kuwa China Road and Bridge Corporation. Ni kampuni za dola, lakini ni kampuni; hutafuta kazi, hupiga hesabu, hutaka faida. Mwaka 1994 ikaanzishwa Benki ya Exim ya China, na tangu 1995 mikopo yenye riba nafuu ikawa njia kubwa ya kujengea miradi ya nje. Oktoba 2000 ukafanywa Beijing mkutano wa kwanza wa Jukwaa la Ushirikiano wa China na Afrika, na tangu hapo mikopo ya barabara, reli na mabwawa ikaongezeka sana.

Kwa hiyo leo kuna mambo matatu chini ya kofia moja. Kuna msaada wa bure, ambao haulipwi. Kuna mkopo, ambao hulipwa na mwananchi kwa kodi yake, uwe na riba au usiwe nayo. Na kuna zabuni, ambapo fedha ni yetu wenyewe, na Mchina ni mkandarasi tu aliyewashinda wakandarasi wengine kwa bei.

Mifano iko karibu. Daraja la Umoja juu ya mto Ruvuma, Mtambaswala, linalounganisha Tanzania na Msumbiji, lilifunguliwa mwezi Mei 2010. Lina urefu wa mita 720, na wazo lake lilitoka kwa Mwalimu Nyerere na Samora Machel katika mwaka wa 1975. Mkandarasi alikuwa kampuni ya Kichina; fedha zilitoka katika serikali mbili za Tanzania na Msumbiji. Daraja la Kigongo–Busisi katika Ghuba ya Mwanza, lenye urefu wa kilomita tatu na ushei, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Wakandarasi ni Wachina. Fedha ni za Serikali ya Tanzania. Mwananchi aliyekuwa akingoja kivuko saa nzima na mgonjwa wake katika gari ana haki ya kulifurahia daraja hilo. Lakini ana haki pia ya kujua kwamba amelilipia. Akidhani amepewa, hataona kuwa ana haki ya kuuliza; akijua amenunua, atauliza kama kila mnunuzi aulizavyo.

Twajua pia yaliyotokea kwa jirani zetu wa Kenya. Tarehe 26 Juni 2017, daraja la Sigiri juu ya mto Nzoia, katika Kaunti ya Busia, lilianguka kabla ya kumalizika, na wafanyakazi kadhaa wakaumia. Mkandarasi alikuwa wa kutoka China. Fedha zilikuwa za Kenya. Watu wa Budalangi, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakivuka kwa mitumbwi na kupoteza ndugu zao majini, wakabaki wakitazama vyuma vilivyopinda. Hapo hakuna kanuni nane za kuulizia. Pana mkataba, pana msimamizi wa serikali, pana saruji na nondo. Na swali ni kama msimamizi aliisimamia kazi au alikuwa akiitazama tu.

DAWA YA DENI

Kuhusu mikopo, tuseme bila kuficha. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa ya deni ni urafiki. Zambia, ambayo ni nusu ya TAZARA, ilikopa sana kwa ajili ya barabara na majengo katika miaka ya 2010, na China ikawa mdai wake mkubwa kuliko serikali zote nyingine. Novemba 2020 Zambia ilishindwa kulipa. Lakini wanaolitaja jambo hili kwa furaha husahau kusema kwamba malipo yaliyoshindikana siku ile yalikuwa riba ya hati za mikopo zilizouzwa katika masoko ya fedha ya Magharibi. Mzigo ulikuwa wa wadai wengi, na ni mwaka 2023 ndipo wadai wa kiserikali, China ikiwamo, walipokubaliana kuupanga upya. Somo tulipatalo hapo si kwamba mdai fulani ni mwovu na mwingine ni mwema. Somo ni kwamba barabara iliyokopewa haina budi kuleta mali itakayoilipa, au sivyo shule na zahanati ndizo zitakazoilipa.

Huko Kongo, mwaka 2008, serikali ilipatana na makampuni ya Kichina yachimbe shaba na kobalti karibu na Kolwezi, na badala yake zijengwe barabara na majengo ya dola bilioni 3. Februari 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha wa nchi hiyo ulisema kwamba kazi zilizokuwa zimefanywa hadi wakati huo zilikuwa za thamani ya dola milioni 822 tu. Serikali ikadai mazungumzo mapya, na mwaka 2024 mapatano yakarekebishwa, fedha za barabara zikapandishwa hadi dola bilioni 7 kwa muda wa miaka mingi. Angalieni, ndugu: China haikuondoka kwa hasira kwa sababu iliulizwa. Iliketi mezani. Mgeni mwenye biashara humheshimu mwenyeji anayejua kuhesabu. Aliyepata hasara ni yule aliyenyamaza miaka kumi na mitano.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba fedha si msingi wa maendeleo, na kwamba kutegemea misaada na mikopo ni kuuhatarisha uhuru. Halikutufundisha kukataa mkono wa rafiki. Mwaka ule ule wa Azimio ndio tuliotia sahihi mapatano ya reli. Lilitufundisha mpango: kwanza watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora, kisha ndipo fedha ya mtu ipate mahali pa kukaa.

JASHO LA MFANYAKAZI

Tuna neno na wafanyakazi, na tuna neno na waajiri wao.

Kijana anayechanganya zege katika kambi ya barabara, awe ameajiriwa na Mchina, Mturuki, au mzalendo mwenzake, yuko chini ya sheria za nchi hii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kwamba saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa juma. Kwamba saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Kwamba mfanyakazi apewe maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Na kwamba ana haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri kumlinda asidhurike. Hapana kifungu chochote kinachosema kwamba haki hizo hulala pale mwajiri anapokuwa rafiki wa taifa. Urafiki wa mataifa haujengwi kwa kofia na buti asizopewa mtoto wa maskini.

Na mfanyakazi naye ajue kwamba haki ya kwanza katika kazi ya namna hii ni ufundi. Mshahara huisha mwisho wa mwezi, ufundi hauishi. Ile ahadi ya Accra kwamba wenyeji wafundishwe mpaka waushike ufundi ndiyo ahadi tunayopaswa kuidai kwa sauti kubwa kuliko zote. Kama daraja la pili katika wilaya ile ile linajengwa na mgeni yule yule, na wananchi waliofanya kazi katika la kwanza wanarudi kubeba kokoto kama zamani, basi tumepata daraja na kukosa maendeleo. Kila mkataba ungepaswa kutaja waziwazi: wahandisi wetu wangapi watakaa upande wa kulia wa mhandisi mgeni, mafundi wangapi watapata vyeti, waendesha mitambo wangapi. Kisha iwepo siku ya kuwahesabu.

BAADA YA UTEPE KUKATWA

Jambo la mwisho ndilo kubwa, na hilo halina Mchina ndani yake. Ni letu.

TAZARA ilijengwa iweze kuchukua tani milioni 2 za mizigo kwa mwaka. Haikufika hapo hata mara moja. Katika miaka yake mizuri ilipita kidogo milioni moja. Katika mwaka wa 2014/15 ilibeba tani 88,000 tu. Injini zilikuwa zimechakaa, mabehewa yamesimama, na wafanyakazi walikuwa wamekaa miezi bila mishahara mpaka wakagoma. Je, madaraja yale 320 yalianguka? Hayakuanguka. Kazi ya wale waliolala Gongo la Mboto, na ya wenzao wasio na makaburi ya mstari, ilisimama imara. Kilichoanguka ni uendeshaji, na uendeshaji ulikuwa mikononi mwetu sisi, Watanzania na Wazambia. Septemba 2024, huko Beijing, serikali tatu zilitia sahihi hati ya maelewano ya kuifufua reli hiyo, na mwaka 2025 kukafuata mkataba wa miaka 30 na kampuni ile ile ya CCECC, wenye thamani ya dola bilioni 1.4 hivi. Safari hii mjenzi hakuja na mkopo usio na riba kisha akakabidhi funguo. Amekuja kuwekeza na kuendesha, ili apate chake. Huenda ni njia njema. Lakini tusijidanganye kwamba ni jambo lile lile la mwaka 1967. Tulichokabidhiwa bure ya riba na kushindwa kukitunza, sasa twakirudisha kwa masharti ya biashara. Hiyo ndiyo bei ya kutotunza.

Na kama ndivyo ilivyo kwa reli kubwa, je, kwa barabara ya changarawe ya kijijini? Barabara ya udongo haiuawi na malori kwanza. Huuawa na maji. Mtaro ukiziba, maji hupanda barabarani. Yakipanda, huila changarawe. Changarawe ikiisha, lori huchimba mfereji. Mvua ya pili hulichukua kalvati. Kalvati lililochukuliwa ni mamilioni ya shilingi. Mtaro uliozibuliwa ni majembe kumi na asubuhi moja. Tangu mwaka 2017 barabara za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA, na wakala huo hauwezi kuwa na mhandisi katika kila mtaro. Lakini kila mtaro uko katika kijiji, na kila kijiji kina serikali yake na kina tawi la chama. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na usipozibua mtaro, utaomba daraja.

Hatusemi hivi ili kuiondolea serikali mzigo wake. Fedha za matengenezo hukatwa katika mafuta anunuayo kila mwenye chombo, na kila mpanda basi huilipa ndani ya nauli yake. Kwa hiyo mwananchi amekwisha kulipa. Diwani na mbunge waulizwe: katika wilaya hii zimefika kiasi gani, zimezibua mtaro gani, zimeinua daraja gani? Na mwenye lori anayepakia kupita kipimo na kuipita mizani kwa rushwa, asionewe haya. Huyo avunja daraja polepole kama askari wa Rhodesia walivyovunja la Chambeshi kwa usiku mmoja.

Basi shauri letu ni hili. Kila mradi wa barabara au daraja unapoanza, iandikwe kwenye ubao pale pale njiani, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka: fedha ni ya nani, kama ni mkopo, unalipwa lini na kwa riba gani, mkandarasi ni nani, msimamizi ni nani, kazi itakwisha lini, na baada ya utepe kukatwa, nani atatunza na kwa fungu gani. Maneno sita au saba, rangi kidogo na ubao mmoja. Mwanachama asiyeuona ubao huo katika kata yake aulize kwenye mkutano wa tawi, na asipojibiwa aulize tena.

China imetutendea mambo ambayo mwungwana hawezi kuyakana. Lakini shukrani ya mwungwana si kuinama. Ni kukitunza alichopewa, kulipa alichokopa, na kukagua alichonunua. Tukifanya hayo matatu, hatutakuwa na haja ya kuogopa mgeni yeyote, atoke mashariki au magharibi. Tusipoyafanya, hata tungejengewa madaraja ya dhahabu, mkulima wetu ataendelea kusimama ng'ambo na magunia yake, akiutazama mto.